Mkata Masikio wa Hombolo

Huko Hombolo, enzi za Wajerumani, kabla reli haijafika Dodoma, mtu aliyetaka kumtia ndama wake alama hakujiuliza amwite nani. Alimwita Ndahani.

Ndahani hakuwa mtu mkubwa. Zizi lake lilikuwa dogo, tembe lake la kawaida, na katika baraza la wazee alikaa upande wa wasikilizaji. Lakini mkono wake ulijulikana tangu Hombolo hadi Ipagala. Kila ukoo ulikuwa na alama yake ya sikio: wengine walikata ncha, wengine walitoboa katikati, wengine walichanja pembeni mara mbili, na ukoo wa jirani yake Mazoya ulipasua ncha ikawa kama mkia wa mbayuwayu. Ndahani alizijua zote. Alimshika ndama sikio, akalipapasa kwa kidole gumba mpaka aupate mshipa wa damu, kisha akakata mbali nao. Ndama alistuka mara moja tu. Baada ya siku chache kidonda kilikauka, na alama ikabaki safi mpaka mnyama anazeeka. Zaidi ya hapo alihasi madume, alipasua majipu, alitoa miiba kwenye kwato na wakati mwingine kwenye nyayo za watu. Kazi hiyo alifundishwa na mjomba wake, ndugu wa mama yake, ambaye alikuwa na neno moja tu la kumfundisha: "Usiwe na haraka, ila ukianza usisite."

Kisu chake cha kwanza kilifuliwa na mhunzi wa kwao. Kilikuwa kisu kirefu cha kuvaa kiunoni, ndani ya ala ya ngozi, nacho kilikata vizuri. Tatizo lilikuwa kwamba kazi ya Ndahani ilikuwa ya kugombana na ng'ombe. Siku moja alikuwa anamwangusha dume la watu, dume likamgeuzia kibao, wakaanguka pamoja, na ncha ya kisu ikapenya ala na kuingia pajani mwake. Alilala ndani wiki tatu. Mke wake, Raheli, ambaye alikuwa amebatizwa misheni na alipenda kusema mambo wazi, alimwambia:

"Baba Loisi, wewe unawatoa watu miiba, lakini umebeba mwiba wako mwenyewe kiunoni."

Maneno hayo yalimkaa. Aliponyanyuka kitandani akamrudishia mhunzi kile kisu kirefu, akaanza kutafuta kisu ambacho mtu anaweza kuanguka nacho.

Mwenye visu hivyo alikuwa Abbasi. Huyu alikuwa Mrangi wa Kondoa, mfanyabiashara wa kutembea, aliyepita Hombolo kila baada ya mwezi mmoja au miwili na punda wawili waliobeba chumvi, tumbaku, shanga na nguo. Mwaka ule alikuja na visu vya kukunja kutoka madukani pwani. Ndahani alikuwa hajawahi kumiliki kitu kama hicho. Abbasi alimwonyesha kimoja chenye mpini wa shaba iliyong'aa kama jua la asubuhi, na ndani yake mlikuwa na vyuma vitano. Kilikuwamo kisu kikubwa, kisu kidogo, chuma cha kutobolea, kitu kama jino la panya, na cha mwisho chuma kilichojisokota kama mkia wa nguruwe.

"Hiki kinafanya nini?" Ndahani aliuliza akikigusa kile kilichojisokota.

"Hicho," Abbasi alisema bila kusita, "ni cha kutoa minyoo."

"Minyoo ya nani?"

"Ya yeyote aliye nayo."

Watu wakacheka, lakini Ndahani akakitaka. Alitoa mbuzi jike kwa kisu kile na akarudi nyumbani akikifungua na kukifunga njia nzima. Hata Raheli alikubali kwamba kilikuwa kizuri kutazama.

Kilimfanyia kazi kwa miezi minne. Kisha siku moja, akiwa amebana ndama kwa magoti huko Chang'ombe, alikisukuma kisu ndani ya sikio gumu kidogo kuliko aliyozoea. Kile kisu hakikukata mbele. Kilijikunja kurudi nyuma, kikamfungia kidole cha shahada mpaka mfupani. Ndama akakimbia na nusu ya alama. Ndahani akakaa chini, akakitazama kile kidole, halafu akakitazama kile kisu kama mtu anayemtazama mgeni aliyeibia nyumba iliyomlaza.

Wakati kidole kinapona hakuwa na kazi ya kufanya, kwa hiyo alikichunguza. Alifungua, akafunga. Akaona kwamba mgongoni mwa mpini kuna chuma chembamba, kamani, ambacho kazi yake ni kulibana bapa la kisu lisimame likifunguliwa na lilale likifungwa. Kamani ya kisu kile ilikuwa laini kama ukuti. Kulikuwa na vyuma vitano vikigombea kamani moja, na hakuna hata kimoja kilichopata nguvu ya kutosha. Alipokitikisa karibu na sikio, kililia kama njuga. Alikuwa amekitikisa mara nyingi kabla, na mlio ule aliupenda. Sasa akaelewa ulikuwa unamwambia nini.

Mwaka uliofuata wakaja wapima njia ya reli. Waliweka hema zao mwendo mfupi kutoka Hombolo, Wajerumani wawili na wapagazi wengi, wakawa wanahitaji maziwa. Raheli alipeleka kibuyu kila asubuhi. Mpishi wa kambi, mtu wa Bagamoyo, alimlipa shanga na nguo, na siku ya kung'oa hema akamuuliza anataka nini cha mwisho. Raheli alitazama mezani pake, akaona kisu ambacho mpishi alikuwa anamenyea viazi. Kilikuwa kisu cha kukunja, bapa moja, mpini wa mti mweusi uliochakaa, hakina cha kung'aa popote.

"Kile," alisema.

"Kile ni kikuukuu, mama. Chukua hiki kikombe."

"Kikombe sina kazi nacho. Nipe kile."

Alipomletea mume wake, Ndahani hakusema asante mara moja. Alikifungua. Bapa liliposimama lilitoa sauti moja tu, *tak*, kama mlango unaofungwa na mtu mwenye uhakika. Alikitikisa sikioni, hakikulia. Akakielekeza angani atazame kati ya bapa na kamani kama kuna mwanga unaopita, hakuona. Mpini ulijaa kiganjani mwake bila kukibana, na ulikuwa na kiuno kidogo pale vidole vinapokaa, hivyo hata mkono ukilowa damu usingeteleza. Bapa lilikuwa limeshaingia weusi. Raheli alidhani ni kutu, akataka kulisugua kwa majivu.

"Liache," Ndahani alisema. "Hiyo si kutu, ni weusi wa chuma kilichofanya kazi. Hiki kitakubali jiwe la mtoni."

Kikakubali. Akakinoa kwenye jiwe la mto kwa mate na subira, na makali yake yakanyoa malaika ya mkononi. Miaka mitatu alifanya nacho kila kitu. Alikata nacho masikio, alichuna mbuzi, alichonga vijiko vya mbao, alikata ugwe, aligawa tumbaku, alimenya maboga. Usiku alikipaka samli kwenye kiungo na kukiweka juu ya dari, mbali na watoto. Hakuwahi kukitumia kubandulia kitu wala kupigilia msumari, na mtu akikiazima ili afanye hivyo, hakumpa. Wengine walimwita bahili kwa ajili hiyo.

Habari za kisu kile zilimfikia Abbasi, na siku moja akaja Hombolo na sanduku zima la visu vya kukunja. Alimkuta Ndahani kivulini pembeni ya zizi, akakaa jirani yake, akamsalimu kwa Kigogo.

"Mbukwa, ndugu yangu."

"Mbukwa. Umekuja na minyoo tena?"

Abbasi akacheka. "Ya kale yamepita. Nisikilize. Watu wa hapa hawanunui kisu kwangu mpaka wakuulize wewe. Basi nimekuletea vyote. Niambie vipi ni vizuri, niviuze kwa moyo safi."

Ndahani alinawa mikono, akaanza. Kila kisu alikifungua kwa ukucha kwanza, kwa sababu, alisema, mtu ambaye mkono wake mmoja umeshika mnyama hana nafasi ya kupambana na kisu kwa mkono wa pili na meno. Vilivyokuwa vigumu kufunguka akaviweka kando. Vilivyofunguka kwa upole mno akaviweka kando vilevile. "Hiki kitafunguka mfukoni kwa hiari yake," alisema. Kisha akavitikisa. Kisha akavielekeza angani. Kimoja kilikuwa kizuri kwa kila namna isipokuwa bapa lake lilikuwa nene kama kwato.

"Hicho ni imara," Abbasi alimtetea.

"Ni imara. Kitapasua kuni. Mimi sipasui kuni kwa kisu cha mfukoni."

Kingine kilikuwa na ncha kali kama sindano, na hicho alikirudisha bila maelezo marefu: mnyama akiruka, ncha kama ile inaingia pasipotakiwa. Mwisho akavijaribu vilivyobaki kwa kukata kipande cha ngozi kavu, mara ishirini kila kimoja, akayagusa makali tena. Makali ya vingi yalikuwa yamelala. Vitatu tu vilibaki vinakata.

Abbasi alitazama fungu kubwa na fungu dogo. "Umeniua."

"Sijasema usiviuze. Nimesema mimi nisingevinunua. Mtu wa kukatia tumbaku tu atapata cha kumfaa humo."

"Na nikiwaambia watu hivyo, wataniuliza kwa nini nimebeba vya tumbaku vingi namna hii."

"Utawajibu umenunua ukiwa na haraka," Ndahani alisema. Abbasi akakiri kwamba hayo ni kweli.

Baada ya hapo jina la Ndahani likawa kubwa zaidi, na hapo ndipo matatizo yalipoanza.

Msimu huo boma lilikuwa limeagiza vijiji vyote vya upande ule visafishe barabara, ving'oe visiki na miiba, mikokoteni ya watu wa reli ipate kupita. Agizo lilikuja wakati uwele umeiva na ndege wamejaa mashambani. Watu wa Hombolo walisema watasafisha baada ya kuvuna. Waliendelea kulinda uwele wao. Wiki mbili baadaye akida wa boma alikuja na askari sita, na bila maneno mengi wakapita zizi hadi zizi wakichukua ng'ombe, wakawakusanya katika zizi kubwa la upande wa mtoni. Ilikuwa faini, akida alisema. Kutoka kwa Mazoya walichukua watatu, mmoja wao akiwa ng'ombe wa maziwa mwenye madoadoa, aliyekuwa akiwalisha watoto wote wa nyumba ile.

Asubuhi iliyofuata akida alimwita Ndahani. Alikuwa mtu wa pwani, mwenye kanzu safi na sauti ya chini, si mtu wa kupiga kelele.

"Nimeambiwa wewe ndiye unayekata masikio."

"Ndiyo, bwana."

"Ng'ombe hawa wanakwenda mbali. Njiani watachanganyika na wengine, na watu wenu ni hodari wa kuwarudisha wanyama gizani. Nataka kila mmoja akatwe sikio la kushoto, mkato mmoja ulionyooka, juu ya alama yoyote iliyopo. Jua likifika kichwani uwe hapa na kisu chako."

"Juu ya alama?"

"Juu ya alama."

Ndahani alirudi nyumbani. Njiani alipita watu wawili watatu, na hakuna aliyemsalimu, maana habari ilikuwa imeshatangulia. Raheli alikuwa anatwanga. Aliacha mchi alipoona uso wake, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Kifiche," alisema. "Nitakiweka kwenye ghala la uwele, waambie kimepotea."

"Watapekua. Na hata wasipopekua, mimi sijui kumwambia mtu uongo usoni. Nitatetemeka, watajua."

"Basi kimbilia porini."

"Watakuchukua wewe badala yangu."

Ndahani alikishusha kisu darini, akatoka nacho nje penye jiwe la kunolea. Alikifungua nusu, bapa likasimama wima kama kidole kinachoonya. Alijua kwamba hapo ndipo kamani inapokuwa imejipinda zaidi na imechoka zaidi. Akakilaza ubavu, akachukua jiwe lingine, akapiga.

Hakikuvunjika. Akapiga tena, kikaruka kutoka jiweni na kuanguka mavumbini kikiwa kizima. Akakiokota, akakipangusa kwa nguo yake kama alivyozoea, halafu akaona aibu kwa kukipangusa. Pigo la tatu lilikatisha kamani. Bapa likalegea, likaanza kuning'inia kwenye msumari wake bila nguvu yoyote.

Raheli alikuwa amesimama mlangoni. "Hukunipa hata mimi nikishike mara ya mwisho," alisema. Ndiye aliyekileta, baada ya yote.

"Ningekupa," Ndahani alisema, "nisingeweza tena."

Jua lilipofika kichwani alikuwa zizini. Wenye ng'ombe walikuwa wamesimama nje ya ua wa miiba, Mazoya miongoni mwao. Ndahani alifungua kiganja, akamwonyesha akida vipande.

Akida aliviangalia bila kuvigusa. "Kimevunjika lini?"

"Leo."

"Kimevunjwa na nini?"

"Na jiwe."

"Na jiwe hilo lilishikwa na nani?"

"Na mimi, bwana."

Mmoja wa askari alicheka, akadhani mtu huyu ni mpumbavu. Akida hakucheka. Alitoa mfukoni kisu chake mwenyewe, cha kukunja, mpini wa pembe wenye nakshi za fedha, akampa. Ndahani alikifungua, akakitikisa, kikalia, akakirudisha kwa mikono miwili kwa adabu.

"Hiki kitanifungia vidole," alisema, akaonyesha kovu la kidole cha shahada. "Kingine cha aina hii kilishawahi kunifungia. Na kisu cha askari ni cha kuchoma, hakikati sikio. Kwa kazi hii nilikuwa na kisu kimoja tu."

"Nawe umekivunja ili usiifanye."

"Ndiyo."

Akida akawaambia askari wampige viboko kumi. Vikahesabiwa hadharani. Ndahani alikuwa mtu mzima mwenye binti wa kuolewa, na watu wengine waliokuwa nje ya ua waligeuza nyuso zao wasione. Kisha akida akamwagiza askari mmoja akate yeye.

Askari yule hakuwa mtu mkatili. Hakujua kazi, basi. Alikata kwa kisu cha bunduki, akawa anasukuma na kurudisha kama mtu anayekata mti kwa msumeno. Hakuupapasa mshipa. Wengine aliwakata chini kabisa, karibu na kichwa, pale ambapo damu haikatiki upesi. Ng'ombe walilia na kuuparamia ua. Ndahani aliwekwa akae pale pale atazame mpaka wa mwisho, na hilo, alimwambia Raheli baadaye, lilimuuma zaidi ya mgongo.

Ng'ombe wakaondoka. Watu wa Hombolo walisafisha barabara, wanawake na wanaume, kwa siku nane. Kabla ya mvua za kwanza habari ikaja kutoka boma kwamba kwa kuwa barabara ni safi, ng'ombe ambao bado hawajachinjwa wala kupelekwa kwa watu wa reli warudishwe. Wakarudi wachache. Wa Mazoya alirudi mmoja, yule wa madoadoa.

Alirudi amekonda, na sikio la kushoto lilikuwa limevimba na kunuka, limejaa funza. Maziwa yalikuwa yamekauka. Jioni ile Mazoya alikuja kwa Ndahani, hakukaa, hakutoa salamu.

"Nimekuja nikuulize jambo moja," alisema. "Siku ile ng'ombe wangu walikuwa wamekwisha kuchukuliwa, au hawajachukuliwa?"

"Walikuwa wamechukuliwa."

"Ungekata wewe au angekata yule askari, walikuwa wamechukuliwa?"

"Ndiyo."

"Basi tofauti ilikuwa sikio tu. Na sikio ndiyo kazi yako. Watu wanakusifu, wanasema Ndahani alipigwa kwa ajili yetu. Mimi nina watoto wanne wasio na maziwa, na ng'ombe anayeoza akiwa hai. Ungekata wewe, angerudi na kovu."

Ndahani alikuwa amelifikiria jambo hilo kila siku tangu siku ile, na hakuhitaji kulitafutia jibu.

"Nilijua atakata vibaya," alisema. "Nilijua kabla sijapiga lile jiwe. Nilichojali ni mkono wangu usiwemo."

Mazoya akageuka, akaenda zake.

Kesho yake Ndahani alimfuata mhunzi, akaazima kisu kilichonyooka kama kile cha zamani, akaenda kwa Mazoya bila kuitwa. Mazoya alikuwa shambani. Mkewe alimfungulia zizi. Alimfunga ng'ombe kwa ugwe, akakata lile sikio lote lililooza, akatoa funza mmoja mmoja, akaosha kwa maji ya chumvi, akapaka majivu na samli. Kazi hiyo aliirudia siku tisa. Mara mbili alikutana na Mazoya pale, nao walishika ng'ombe pamoja bila kuongea zaidi ya "mshike hapa" na "mwachie." Ng'ombe akapona. Alibaki na sikio moja, na tangu hapo alitembea amegeuza kichwa kidogo upande wa kulia.

Miezi hiyo hiyo kibuyu cha maziwa kilikuwa kinatoka nyumbani kwa Ndahani kila asubuhi. Yeye alidhani kinakwenda misheni, kwa mafundisho ya mke wake. Ilipita muda mrefu kabla Loisi, binti yao, hajamtajia kwa bahati kwamba anachoka kukipeleka kwa watoto wa Mazoya. Ndahani alimwambia aendelee.

Reli ilifika Dodoma, na maduka yakafuata reli. Watu walirudi kutoka huko wakisimulia chuma kinachopiga kelele na chumvi iliyorundikwa kama kichuguu. Ndahani alikwenda kwa miguu, akalala njiani kwa jamaa wa Ipagala, akafika asubuhi, akakaa kwenye kibaraza cha Mhindi mmoja akifungua na kufunga visu mpaka adhuhuri. Mwenye duka alichoka naye, akamletea chai, akachoka tena.

"Mzee, visu vyote ni vya Ulaya. Vyote ni vizuri."

"Ndugu yangu, hata watu wa kijiji kimoja si wazuri wote."

Hakupata kilichofanana na kile cha mpishi. Alichochukua mwishoni kilikuwa na bapa zuri na kamani ngumu, ila msumari wa kiungo ulikuwa umelegea kidogo. Alifikiri juu ya hilo muda mrefu. Bapa baya halina dawa, na kamani mbovu haina dawa, lakini msumari uliolegea unaweza kupigwa. Aliomba nyundo pale pale, akaulaza msumari juu ya kipande cha reli kilichobaki ujenzini, akaugonga mara mbili polepole kwa jinsi mtu anavyogonga yai. Kisu kikanyamaza. Mwenye duka alikuja kuangalia, akakitikisa sikioni mwake, akamtaka amgongee na vile vingine. Ndahani alivigonga vilivyokuwa vinagongeka, akapewa chumvi ya kumtosha Raheli mwezi mzima, akaanza safari ya kurudi.

Hakupata tena jina alilokuwa nalo. Waliomsifu walichoka kumsifu, na waliokuwa upande wa Mazoya hawakuwa wachache. Wengine walijifunza kukata masikio wenyewe, na mmoja wao, kijana wa ukoo wa Mazoya, alikuja kuwa mzuri kweli. Ndahani alimwonyesha mahali pa kupapasa mshipa alipoulizwa, basi.

Mwaka wa pili wa mvua nzuri, ng'ombe wa madoadoa alizaa mtamba. Mtamba alipofika umri wa kutiwa alama, Mazoya alikuja mwenyewe asubuhi, akasimama nje ya ua, akasema, "Mbukwa."

"Mbukwa," Ndahani alijibu.

"Nina ndama."

Ndahani alikwenda. Mazoya alimshika ndama shingoni, na Ndahani akatafuta mshipa, akapasua ncha ya sikio kama mkia wa mbayuwayu. Damu ilitoka matone matatu manne. Ndama alirukaruka, akakimbilia kwa mama yake. Mke wa Mazoya alileta togwa, wanaume wawili wakakaa kwenye kivuli cha ukuta wa tembe, wakanywa, wakazungumzia mvua iliyokuwa imenyesha Chang'ombe usiku uliopita na kuiruka Hombolo.